Deni Lisiitwe Sadaka

Mfanyakazi yeyote aijua vema tofauti iliyopo kati ya mshahara na bakshishi. Mshahara ni haki ya mtu. Amekwisha kuutolea jasho, nao ukichelewa aweza kuudai kwa sauti kubwa bila ya kuinamisha kichwa. Bakshishi ni hiari ya mtoaji. Yeye ndiye achaguaye siku, kiasi, na mtu wa kupewa. Naye apokeaye hana la kusema ila ahsante. Tajiri mwerevu akitaka kumtawala mtu wake daima hampunguzii mshahara. Huugeuza mshahara ule ule ukawa bakshishi. Fedha zaweza kuwa ni zile zile, lakini mtu hawi tena yule yule.

Twaanza na neno hilo kwa sababu ndilo kiini cha shauri tunalotaka kulieleza leo, nalo ni shauri la ruzuku zinazotolewa na serikali za nchi tajiri kwa ajili ya afya na ustawi wa wenyeji wa asili wa nchi hizo. Tutasema hasa juu ya Kanada, ambako mambo haya yameandikwa wazi katika hati za serikali yenyewe, hata mtu hana haja ya kubahatisha.

Mara kwa mara waziri wa Kanada husimama mbele ya wapiga picha akatangaza fungu jipya la fedha: mamilioni haya ni ya kinga ya kisukari, mamilioni yale ni ya afya ya akili ya vijana, na mengine ni ya ustawi wa jamii. Msomaji aliye mbali husema moyoni, Watu hawa wana bahati, serikali yao yawapenda. Lakini mwaka 2016 ilionekana kwamba kifua kikuu kiliwapata Wainuit, watu wa kaskazini ya barafu, kwa kiasi cha takriban mara 300 kuliko Wakanada wazaliwa wa nchi wasio wenyeji wa asili. Kifua kikuu! Ugonjwa ambao dawa yake imejulikana tangu miaka ya 1940. Mwaka 2018 Serikali ya Kanada iliahidi kuufuta ugonjwa huo katika nchi ya Wainuit ifikapo mwaka 2030. Tena katika kijiji cha Neskantaga, jimbo la Ontario, wananchi walionywa mwaka 1995 wasinywe maji ya bomba bila ya kuyachemsha. Mwaka 2020, yaani miaka 25 baadaye, onyo lile lilikuwa lingali likisimama, na watu wa kijiji wakachukuliwa kwa ndege kupelekwa mjini Thunder Bay kukaa hotelini, kwa sababu hata maji yale mabovu yalikuwa yamefungwa.

Basi mamilioni hayo yapotelea wapi? Wapo watakaosema kwamba yameibwa. Hatusemi hivyo. Sehemu kubwa ya jibu imo katika namna fedha zenyewe zinavyotolewa.

Katika Kanada hospitali na madaktari ni shughuli ya majimbo, nayo yaendeshwa kwa sheria. Lakini zahanati, uuguzi na kinga ya magonjwa katika ardhi walizotengewa wenyeji wa asili ni shughuli ya serikali kuu, na shughuli hii kwa miaka mingi haikusimama juu ya sheria bali juu ya sera na mapatano. Mapatano yasema: mradi huu, fungu hili, muda huu, na masharti haya. Muda ukiisha, mradi umekwisha, hata kama ugonjwa haujaisha. Mwaka 2002 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa Kanada alichunguza jambo hili, akakadiria kwamba jamii ya wenyeji wa asili ilitakiwa kuandika taarifa zisizopungua 168 kwa mwaka kwa ajili ya idara nne tu za serikali kuu. Akaongeza kwamba nyingi ya jamii hizo zina watu chini ya 500. Taarifa 168! Ni zaidi ya taarifa tatu kwa kila wiki mwaka mzima, na nyingi katika hizo, kama Mkaguzi alivyoeleza, hazikuwa na faida kwa jamii wala kwa idara iliyozidai. Mwaka 2011 Mkaguzi Mkuu, Sheila Fraser, alirudi katika shauri hilo kabla ya kuacha kazi yake, akataja tena mambo ya msingi yaliyokosekana: hapakuwa na sheria ya kuweka msingi wa huduma, kiwango cha huduma hakikujulikana, na fedha zilikuwa zikifika miezi kadhaa baada ya mwaka wa fedha kuanza.

Msomaji asiyefanya kazi ya ofisi aweza kuliona jambo hili kuwa la makarani. La hasha. Tuchukue kijiji chenye watu 400 (ni mfano tu, lakini vijiji vya namna hii ni vingi). Mwaka wa fedha wa Kanada huanza tarehe 1 Aprili. Kijiji kimeomba fedha za kumwajiri mwuguzi wa kisukari na za kuwapeleka vijana porini pamoja na wazee wao, wakajifunze kuwinda na kula chakula cha asili. Barua ya kukubaliwa yafika mwezi wa Julai. Tangazo la kazi latoka Agosti, mwuguzi apatikana Oktoba. Majira mazuri ya kwenda porini yamekwisha pita. Mwuguzi aanza kazi, awajua wagonjwa mmoja mmoja, awajua na watoto kwa majina yao. Lakini mkataba wake waisha tarehe 31 Machi, na ifikapo Januari, kama mtu yeyote mwenye akili, amekwisha anza kutafuta kazi kwingine. Mwezi wa Februari huyo, amekwenda. Fedha zilizosalia haziwezi kuwekwa akiba. Zisipotumika kabla ya Machi kwisha zarudishwa, na fedha zikirudishwa idara itasema mwakani kwamba kijiji hakina uwezo wa kuzitumia. Basi hununuliwa mabango na vitabu vya picha. Mwezi wa Aprili maombi yaandikwa upya.

Tungependa msomaji amfikirie mgonjwa katika habari hiyo. Mama mwenye kisukari amemweleza mwuguzi wa kwanza siri za nyumba yake. Mwuguzi wa pili alipokuja akazieleza tena. Wa tatu hakumweleza kitu. Katika daftari za idara mama huyo ataandikwa kuwa ni mgonjwa asiyefuata maagizo.

Na sasa turudi kwenye neno tulilolianza, la mshahara na bakshishi. Kwani wako watu watakaouliza, Kanada yadaiwa nini hata fedha zake ziitwe deni?

Mwaka 1876, huko Fort Carlton na Fort Pitt katika nchi ya nyanda za magharibi, wajumbe wa Malkia wa Uingereza walifanya mkataba na machifu wa taifa la Cree na wenzao. Mkataba huo wajulikana kwa jina la Mkataba wa Sita. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuona ndui ikiwamaliza watu wao, na makundi ya nyati waliokuwa chakula chao yakitoweka. Wakadai, na wakapata, kifungu ambacho hakikuwamo katika mikataba iliyotangulia: kwamba katika nyumba ya kila wakala wa serikali litawekwa sanduku la dawa kwa ajili ya wananchi, na kifungu kingine cha msaada wakati wa maradhi makubwa na njaa. Kwa upande wao wakaachia ardhi kubwa ajabu, ambayo leo ni mashamba ya ngano, visima vya mafuta, na miji ya majimbo ya Alberta na Saskatchewan.

Hayo ndiyo malipo. Yalitolewa mara moja, nayo hayajarudishwa. Lakini dawa? Mwaka 1935 mahakama moja ya Kanada ilikitafsiri kifungu cha sanduku kwa upana, ikaamua kwamba wenyeji wastahili kupewa dawa zote bila ya malipo. Mwaka 1966 Mahakama ya Rufani ya Saskatchewan ikakibana: sanduku maana yake ni sanduku, na halizidi hapo. Laiti waheshimiwa majaji wangeisoma ardhi kwa macho hayo hayo, wakasema kwamba ardhi maana yake ni udongo wa juu unaolimwa kwa jembe la mwaka 1876, wala si mafuta yaliyo chini yake! Hata hivyo jambo moja ni dhahiri. Fedha za afya za watu hawa zilikuwa na bei, na bei hiyo imekwisha kulipwa. Mwenye kuwapa leo fungu la mwaka mmoja, akawataka waandike maombi na kutoa shukrani, anafanya kama mwajiri aliyemwambia kibarua wake aandike barua ya kuomba mshahara wa mwezi uliopita.

Katika mwaka ule ule wa 1876 Bunge la Kanada lilitunga Sheria ya Wahindi, iliyowafanya watu hao kuwa kama watoto walio chini ya mlezi. Kisha zikaja shule za bweni, ambamo watoto wapatao 150,000 walitiwa kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, wakakatazwa lugha zao, na wengi wakapigwa na kuharibiwa. Baina ya mwaka 1948 na 1952 wataalamu wa serikali walifanya majaribio ya lishe katika baadhi ya shule hizo: walijua kwamba watoto wana njaa, na badala ya kuwashibisha wote, waliwapa wengine vitamini na maziwa, na wengine wakawaacha na njaa yao ili wapate kulinganisha. Habari hiyo ilitangazwa na mwanahistoria Ian Mosby mwaka 2013. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba wananchi wa kijiji fulani hawapendi kwenda zahanati, asiharakishe kusema kwamba hawakuelimishwa. Wameelimishwa sana.

Sasa twafika kwa mtoto Jordan River Anderson, na hapa twamwomba msomaji asipite upesi.

Jordan alizaliwa mwaka 1999 katika jimbo la Manitoba, mtoto wa jamii ya Norway House ya taifa la Cree, akiwa na ugonjwa uliohitaji hospitali kubwa. Akapelekwa Winnipeg. Alipofikia umri wa miaka miwili madaktari walisema kwamba sasa aweza kutoka hospitalini, akaishi katika nyumba ya watu na kutunzwa humo. Ndipo serikali mbili zilipoanza kubishana. Serikali kuu ilisema jimbo ndilo lilipe. Jimbo likasema ni mwenyeji wa asili, basi serikali kuu ndiyo ilipe. Wakabishana juu ya kitu hiki na kitu hiki, na mtoto kitandani. Angekuwa mtoto wa Mkanada mwingine, jimbo lingelipa na shauri likaisha. Mwaka 2005 Jordan alikufa hospitalini akiwa na umri wa miaka mitano. Hakupata kulala usiku mmoja katika nyumba ya wazazi wake.

Mwezi wa Desemba 2007 Bunge la Kanada lilikubali kwa sauti moja kanuni iitwayo kwa jina la mtoto huyo: kwamba mtoto apewe kwanza huduma anayoihitaji, na serikali zibishane baadaye juu ya nani alipe. Kanuni nzuri. Lakini kwa miaka mingi iliyofuata Serikali iliitafsiri kwa ufinyu mno hata ikawa haimfai mtu, mpaka mwezi wa Januari 2016 ambapo Baraza la Haki za Binadamu la Kanada liliamua kwamba Serikali imewabagua watoto wa Mataifa ya Kwanza (ndilo jina walilolichagua wenyewe) kwa kuzipa huduma zao fedha pungufu. Mwaka 2023 mahakama iliidhinisha fidia ya zaidi ya dola za Kanada bilioni 23 kwa watoto na jamaa zao. Mwaka 2024 Baraza lile lile lililazimika kutoa amri nyingine, maana maombi ya watoto yalikuwa yamelundikana ofisini bila ya kujibiwa. Msomaji apige hesabu mwenyewe: ni kiasi gani cha fedha kingetosha kumtunza Jordan nyumbani kwa miaka mitatu?

Mgala muue na haki yake mpe. Yapo mambo ambayo Kanada imeyafanya vizuri, na moja katika hayo lilikuwa Mfuko wa Uponyaji wa Wenyeji wa Asili. Mfuko huo uliundwa mwaka 1998 kwa dola milioni 350, ukaendeshwa na wenyeji wa asili wenyewe, kazi yake ikiwa kutoa ruzuku kwa jamii ili ziyatibu madhara ya shule za bweni. Fedha zake hazikupitia kwenye meza za idara kila mwaka. Jamii zilianzisha vituo vya uponyaji, mikutano ya wazee na vijana, na mafunzo ya lugha. Watu ambao hawakupata kumwambia mtu yeyote yaliyowapata shuleni walianza kusema. Mwezi wa Juni 2008 Waziri Mkuu Stephen Harper alisimama Bungeni akawaomba radhi waliopitia shule hizo. Bajeti ya mwaka 2010 haikuuongezea Mfuko fedha. Miradi zaidi ya 100 ikapoteza ruzuku zake, na mwaka 2014 Mfuko ukafungwa kabisa. Radhi iliombwa mwaka 2008, na dawa ikakatwa mwaka 2010! Wahenga walisema, Mwenye kovu usidhani kapoa; lakini mahesabu ya wizara yalidhani hivyo. Ilipofika mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Upatanisho ilitoa miito 94, na mwito wa 21 ukaitaka Serikali itoe fedha za kudumu kwa vituo vya uponyaji. Neno la kuangaliwa hapo ni hilo la kudumu.

Wapo wanaocheka miradi ya ustawi. Husema, Hospitali haina mashine, nanyi mwaomba fedha za kuwafundisha vijana kuchonga mitumbwi na kusema lugha za babu zao. Hiyo ni afya? Nasi twajibu kwamba ndiyo, ni afya, na ushahidi upo. Mwaka 1998 wataalamu wawili, Michael Chandler na Christopher Lalonde, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya vijana waliojiua katika jamii za wenyeji karibu 200 za jimbo la British Columbia. Waliona kwamba msiba huo haukuenea sawasawa. Jamii nyingine zilikuwa na vifo vingi vya kutisha. Nyingine hazikuwa na hata kimoja. Kilichozitenganisha ni mambo kama haya: je, wananchi wanajitawala? Wanaidai ardhi yao? Shule ni yao? Zahanati ni yao? Wana mahali pa kufanyia mila zao? Jamii zilizokuwa na mambo hayo yote hazikuwa na kijana aliyejiua katika miaka ile iliyochunguzwa. Twakubali kwamba uchunguzi wa namna hii hauonyeshi kila kitu, lakini sijui ni dawa gani ya dukani iwezayo kujisifu kwa kiasi hicho.

Na hapa kuna jambo ambalo wapenda ruzuku hawapendi kulisikia. Mfano mkubwa wa kujiponya katika Kanada haukuanza na ruzuku. Katika kijiji cha Alkali Lake, British Columbia, ulevi ulikuwa umewashika karibu watu wazima wote. Mwaka 1972 mwanamke mmoja, Phyllis Chelsea, aliacha pombe. Mumewe Andy akamfuata, kisha akachaguliwa kuwa chifu. Wakawafukuza wauza pombe ya magendo. Wakageuza fedha za msaada wa serikali zikawa hati za kununulia chakula dukani, ili zisiishie katika chupa. Na aliyerudi kutoka matibabuni alikuta nyumba yake imetengenezwa na kazi imemngoja. Baada ya miaka kumi na ushei wengi mno wa watu wa kijiji walikuwa wameacha pombe. Fedha zilisaidia, ndiyo, lakini zilikuja nyuma ya watu, nao wakaziongoza.

Hali kadhalika huko Kahnawake, karibu na Montreal, kwa watu wa taifa la Mohawk. Wao walianzisha mwaka 1994 mradi wa kuwakinga watoto wa shule na kisukari, wakaunda baraza la wananchi la kuusimamia, na kuandika kanuni zao wenyewe za kuwabana watafiti. Ruzuku ya kwanza ilikuwa ya miaka mitatu tu. Kisukari cha mtoto wa miaka saba hakitaonekana mpaka awe mtu mzima. Basi mradi wa miaka mitatu ungeonyesha nini? Ruzuku ilipokwisha mwaka 1997, jamii pamoja na wafadhili wengine wakaubeba mradi mpaka fedha nyingine za utafiti zilipopatikana. Kahnawake ni jamii kubwa, ina hospitali yake, nayo iko karibu na mji mkubwa wa biashara. Kijiji cha watu 400 kingefanya nini?

Ndiyo maana twasema kwamba ubaya haumo katika ruzuku yenyewe, bali katika ufupi wake, katika kugombaniwa kwake, na katika mkono ushikao kamba. Huko Marekani, Bunge lilianzisha mwaka 1997 mpango maalumu wa ruzuku za kisukari kwa makabila ya wenyeji. Fedha ziligawiwa kwa mamia ya makabila na vituo vyao, kila mmoja akapanga mwenyewe jinsi ya kuzitumia: hapa bustani za mboga, pale uchunguzi wa figo, kule mafunzo kwa wazee. Baina ya mwaka 1996 na 2013 kuharibika kwa figo kutokana na kisukari miongoni mwa watu wazima wenyeji kulipungua kwa asilimia 54. Ushindi wa namna hii ni haba katika historia ya ugonjwa huo popote duniani. Na Bunge liliulipaje ushindi huo? Kwa kuuhuisha mpango kwa vipindi vifupi vifupi, wakati mwingine vya miezi tu, na kwa kuuacha katika dola milioni 150 kwa mwaka tangu 2004 hadi 2023, bei za vitu zikipanda kila siku.

Katika Australia mambo yalichukua sura nyingine. Huko Redfern, Sydney, Waaborijini walifungua zahanati yao wenyewe mwaka 1971 kwa nguvu za kujitolea, nayo ikazaa nyingine nyingi nchini kote. Mwaka 2014 serikali ya huko ilikusanya mipango zaidi ya 150 ya wenyeji katika mafungu matano, ikapunguza zaidi ya dola milioni 500 za Australia, na kuzitaka jamii zigombee fedha kwa maombi. Katika mashindano ya namna hiyo hashindi mwenye shida kubwa. Hushinda mwenye karani hodari, au mwenye uwezo wa kumlipa mtaalamu wa mjini amwandikie. Mkaguzi wa hesabu wa nchi hiyo aliulaumu sana utaratibu huo mwaka 2017.

Tutaulizwa, Je, fedha za umma zitolewe bila ya hesabu? Swali ni la haki, na chama chochote cha wafanyakazi kilichowahi kuibiwa na mweka hazina wake kinalijua uzito wake. Machifu wabadhirifu wapo, kama wanavyokuwapo mawaziri wabadhirifu. Lakini hesabu hutolewa kwa nani? Taarifa 168 zilikwenda Ottawa, zikawekwa makabatini. Hakuna mama mgonjwa aliyezisoma. Hesabu ikisomwa katika mkutano wa kijiji, kwa lugha ya kijiji, mbele ya watu wanaojua kama gari la wagonjwa lilinunuliwa au halikununuliwa, basi mwizi hana pa kujificha. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Nao ushahidi kwamba wenyeji waweza kuendesha huduma kubwa haukosekani. Huko Anchorage, Alaska, shirika la wenyeji liitwalo Southcentral Foundation, lililoanzishwa mwaka 1982, lilichukua hatua kwa hatua huduma zilizokuwa mikononi mwa serikali, kwa nguvu ya sheria ya Marekani ya mwaka 1975 iliyowaruhusu wenyeji kuziendesha wenyewe. Mgonjwa huko huitwa mteja na mwenye mali kwa pamoja. Shirika hilo lilipewa tuzo ya taifa ya ubora ya Marekani, iitwayo Baldrige, mwaka 2011 na tena mwaka 2017. Katika Kanada yenyewe, tarehe 1 Oktoba 2013, Mamlaka ya Afya ya Mataifa ya Kwanza ya British Columbia ilipokea kazi na watumishi waliokuwa chini ya wizara ya afya ya serikali kuu, kwa ajili ya jamii zaidi ya 200. Mamlaka hiyo nayo hutoa ruzuku ndogo ndogo kwa vijiji, na yafaa ijihadhari isiyarithi mazoea ya bwana aliyeondoka.

Shauri hili si geni kwetu. Katika Afrika ya Mashariki neno mradi limekuwa karibu na maana ya kitu kisichodumu. Mapema mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha kwa ghafula sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na watumishi wa afya waliokuwa wakiwafuata wagonjwa wa UKIMWI majumbani wakaambiwa wakae kwao. Lakini tofauti kubwa ipo, nayo tusiifiche. Fedha zile za Marekani zilikuwa msaada wa taifa jingine, na pengine sisi wenyewe tulizembea kwa kutoliwekea jambo hilo akiba. Mtu wa Norway House haombi msaada kwa taifa jingine. Yeye yuko kwao, na anayempimia dawa kwa kijiko ndiye anayekaa katika ardhi yake.

Tunayoyataka kwa upande wao ni yale wanayoyataka wao, nayo si ya ajabu. Fedha za afya ziwekwe katika sheria, wala zisitegemee barua ya kila Aprili. Zigawiwe kwa hesabu ya watu, umbali na ugonjwa, bila ya kuvigombanisha vijiji. Kilichosalia Machi kibaki kijijini. Wazee, lugha, na safari za porini zihesabiwe kuwa huduma kama vile sindano. Ruzuku za mradi zibaki kwa mambo ya kujaribu tu, na jaribio likifaulu lihamishiwe katika bajeti ya kudumu badala ya kupigiwa makofi na kuachwa life.

Kanada imeanza kusogea. Tangu Aprili 2019 jamii za Mataifa ya Kwanza zinazokubaliwa zaweza kupokea ruzuku ya miaka 10 kwa mkupuo wa mapatano mamoja, zikapanga kazi zao zenyewe, zikaweka salio, na kutoa taarifa kwanza kwa watu wao. Ni hatua ya kusifiwa. Mwuguzi aliyeajiriwa chini yake aweza kumwona mtoto akianza darasa la kwanza na kumwona akimaliza. Lakini si jamii zote zimeingia, kwa maana masharti ya kuingia yadai hesabu safi na makarani wenye ujuzi, vitu ambavyo vijiji vilivyoumizwa zaidi na taarifa 168 ndivyo vinavyovikosa zaidi. Na mapatano ya kwanza katika hayo yatafikia ukomo wake tarehe 31 Machi 2029.